Mlango wa Tarakilishi Kuu: Nani Humfungulia Mwundaji wa Programu za Utafiti?

Ikisiri

Makala haya yanachunguza suala la kufikika kwa tarakilishi kuu kwa watu wanaoandika programu za utafiti. Hoja yetu ni kwamba kizuizi si uhaba wa mitambo pekee, bali pia namna milango ya mitambo hiyo ilivyojengwa: nani anaruhusiwa kuomba muda, anaulizwa nini kabla ya kuingia, na anaulizwa kwa lugha gani. Mifano imetolewa Uskoti, Ohio, Ufini na Afrika Kusini, na suala zima linahusishwa na uundaji wa zana za kuchanganua Kiswahili.

Utangulizi

Yamkini msomaji wa jarida hili atajiuliza tarakilishi kuu zimeingiaje katika ukumbi wa Kiswahili. Jibu li karibu kuliko inavyodhaniwa. Korpasi ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo wengi wetu tumeitumia au tumeisoma ikitajwa katika tasnifu, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2004 ikiwa na maneno yapatayo milioni 12.5. Toleo lake la pili, la mwaka 2016, lina maneno yapatayo milioni 25, yakiwamo ya magazeti, vitabu na kumbukumbu za Bunge la Tanzania. Nyuma ya korpasi hiyo ipo SALAMA, mfumo wa uchanganuzi wa Kiswahili ambao Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kuujenga mwaka 1985. Korpasi yenyewe huhifadhiwa katika Benki ya Lugha ya Ufini, na mitambo inayoibeba benki hiyo ni ya CSC, kituo cha taifa hilo cha tarakilishi za sayansi. CSC ndicho kituo kinachoendesha LUMI, tarakilishi kuu iliyozinduliwa mwezi Juni mwaka 2022 mjini Kajaani, katika eneo lililokuwa kiwanda cha karatasi, na ambayo mwezi huo huo iliorodheshwa ya tatu kwa kasi duniani.

Kwa hivyo, sentensi za waandishi wetu wa magazeti na za wabunge wa Dodoma ziko chini ya uangalizi wa taasisi ile ile yenye mojawapo ya mitambo mikubwa kabisa ya ukokotoaji. Mwanafunzi aliye Nairobi, Eldoret au Maseno anaweza kufungua kivinjari chake na kutafuta mifano katika korpasi hiyo. Hilo ni jema. Hata hivyo, kutafuta mifano ni jambo moja na kuunda chombo kipya ni jambo jingine. Anayetaka kuandika programu ya kutambua usemi wa Kimvita, au ya kutafsiri baina ya Kiswahili na Kigiriama, hahitaji kisanduku cha kutafutia tu. Anahitaji kuingia katika mtambo wenyewe, kujaribu, kushindwa na kujaribu tena. Mlango huo wa pili ndio unaotushughulisha hapa.

Mtambo unavyofanya kazi

Neno ‘tarakilishi kuu’ huwapotosha wengi, kwani hudhani ni tarakilishi moja kubwa. Kwa hakika ni maelfu ya tarakilishi zilizounganishwa kwa mtandao wenye kasi mno. Kila moja huitwa kifundo, na ndani ya kila kifundo mna viini, yaani sehemu zinazokokotoa. Chukua ARCHER2, tarakilishi kuu ya taifa iliyowekwa Edinburgh, Uskoti, na ambayo huduma yake kamili ilianza mwaka 2021. Iliundwa kwa vifundo 5,860, kila kimoja kikiwa na viini 128. Anayependa hesabu atapata viini 750,080. Kipakatalishi cha kawaida huwa na viini vinne, au vinane, au zaidi kidogo.

Mtumiaji haketi mbele ya mtambo. Huingia kutoka mbali kupitia kifundo cha mlangoni, huandika faili fupi inayoeleza anataka viini vingapi, kwa saa ngapi na programu ipi iendeshwe, kisha huikabidhi kwa mgawaji. Mgawaji ni programu inayopanga foleni; iliyoenea zaidi ni Slurm, iliyoanzia katika maabara ya Lawrence Livermore nchini Marekani. Kazi husubiri zamu yake. Inaweza kusubiri dakika mbili, inaweza kusubiri siku mbili. Ikiisha, matokeo huachwa katika faili. Ikikwama, huachwa mstari mmoja au miwili ya maelezo ya kosa, na mtumiaji hurejea mwisho wa foleni.

Tuone mfano wa nyumbani. Kitenzi ‘hatukuwapelekea’ kina mofimu saba: ha-tu-ku-wa-pelek-e-a. Programu ya kuchanganua vitenzi vya namna hii katika maneno milioni 25 inaweza kugawiwa kazi kwa urahisi, kwa kuwa uchanganuzi wa faili moja hautegemei wa faili nyingine. Ni sawa na watu ishirini kupukuchua mahindi, kila mmoja na gunia lake. Kusema kweli, kazi hii hata kipakatalishi huiweza, mradi mwenyewe awe na subira. Mambo hubadilika tunapofika kwenye kufunza mifumo ya kutafsiri au ya kutambua usemi kwa njia za leo. Hapo mamilioni ya namba husahihishwa kidogo kidogo, na baada ya kila hatua viini havina budi kupashana habari kabla ya kuendelea. Ni kama mafundi wanaojenga ukuta mmoja: wa juu humngoja wa chini, na wote humngoja anayekoroga saruji.

Kuhusu huko kungojana, ipo kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fani hii hufunzwa mapema. Ilitokana na hoja ya Gene Amdahl ya mwaka 1967. Husema kwamba ikiwa sehemu fulani ya programu haigawiki, sehemu hiyo ndiyo itakayoweka kikomo cha kasi, hata ungepewa viini vyote vya ulimwengu. Tuseme asilimia 5 ya muda wa programu haigawiki. Ukitumia viini 100, programu itaenda kasi mara 16.8 tu. Ukitumia viini 1,000, mara 19.6. Haitavuka mara 20 kamwe. Yaani viini 900 vya ziada vimeongeza kisichofika mara tatu, na umeme umelipiwa.

Kwa nini mwundaji, na si mtafiti tu

Kanuni ya Amdahl ndiyo inayotufikisha kwenye kiini cha hoja. Nguvu ya mtambo haimfaidi mtafiti ikiwa programu aliyopewa haikuandikwa kwa ajili ya mtambo huo. Nayo haiwezi kuandikwa ifaavyo na mtu asiyeruhusiwa kuujaribu. Kasoro nyingi hazionekani katika viini vinne. Hujitokeza programu inapotawanywa katika vifundo mia moja: kifundo kimoja kinamngoja mwenziwe asiyejibu, faili moja inaandikwa na mikono elfu kwa mpigo, kumbukumbu inajaa mahali ambapo hapakutarajiwa. Kuogelea hakufundishwi mchangani.

Na bado, kwa miaka mingi utaratibu wa kugawa muda katika vituo vikubwa uliwatazama zaidi wanasayansi wenye swali la kisayansi. Mwombaji huandika pendekezo, hueleza atavumbua nini, kisha jopo hupima. Swali hilo ni la haki kwa mwanafizikia. Kwa mwundaji wa programu ni swali gumu, kwa kuwa yeye havumbui nyota wala dawa. Anatengeneza chombo ambacho wengine watavumbulia. Akiulizwa ‘utagundua nini?’ hana la kujibu ila ‘nataka kujua programu hii huvunjikia wapi’. Jibu hilo ni la kweli, lakini majopo hayakuundwa ili kulisikiliza.

Uingereza ilianza kuliona tatizo hili mapema kiasi, na ndiyo sababu tunaitumia kama mfano mkuu. Taasisi ya nchi hiyo inayoshughulikia uendelevu wa programu za utafiti ilianzishwa mwaka 2010. Mwaka 2012, katika warsha iliyofanyika Oxford, washiriki walijadili kwamba watu wanaoandika programu hizi vyuoni hawana hata cheo: mmoja ameajiriwa kama mtafiti msaidizi, mwingine kama fundi, na kazi yao haihesabiki kwa kuwa si makala. Wakawapa jina: wahandisi wa programu za utafiti. Mwaka 2016 walikutana Manchester kwa kongamano lao la kwanza, na mwaka 2019 wakaunda chama rasmi. Wanaoshughulika na istilahi watatambua mara moja kilichotokea hapo. Kabla ya jina kupatikana, kazi ilikuwepo lakini mtendaji hakuonekana. Lilipopatikana, mtu aliweza kuliandika katika fomu ya kuomba muda.

Jina peke yake halifungui mlango, bila shaka. Wakati huo Uingereza ilikuwa na ARCHER, mtangulizi wa ARCHER2, iliyoanza kazi Edinburgh mwishoni mwa mwaka 2013 ikiwa na viini 118,080 na kuzimwa mwaka 2021. Waendeshaji wake walifanya mambo mawili yanayostahili kuigwa. Kwanza, walikuwa na mpango wa kuwagharimia wataalamu wa programu waketi pamoja na watafiti wa fani fulani na kuboresha programu zao ili ziutumie mtambo vizuri. Fedha zilitolewa kwa ajili ya kuboresha programu yenyewe. Hakuna aliyetakiwa kudai uvumbuzi.

Pili, na hili ndilo linalotuvutia zaidi, walianzisha walichokiita mtihani wa udereva. Anayetaka kuingia husoma masomo mafupi mtandaoni kwa wakati wake, hujibu maswali, na akifaulu hupewa akaunti na kiasi fulani cha muda wa kuanzia. Haandiki pendekezo. Haombi msimamizi amtie sahihi kwamba ni mvumbuzi. Anaonyesha tu kwamba anajua kushika usukani bila kugonga wenzake. Mtihani huo uliendelea hata ARCHER2 ilipoingia. Uzuri wake ni kwamba umebadilisha swali la mlangoni, kutoka ‘wewe ni nani na una mradi gani?’ hadi ‘je, unajua kuendesha?’ Swali la pili linaweza kujibiwa na mwanafunzi yeyote aliyejitayarisha. Ila walengwa walikuwa watafiti wa Uingereza. Mwanafunzi wa Njoro au Kakamega angefaulu mtihani na bado abaki nje.

Njia nyingine

Kule Ohio, Marekani, walilishughulikia tatizo kwa upande wa kiolesura. Kituo cha tarakilishi kuu cha jimbo hilo kilitengeneza mfumo unaomwezesha mtumiaji kuingia kwa kivinjari cha kawaida, kupanga faili zake, kutuma kazi kwenye foleni na hata kufungua programu zenye michoro, bila kukariri amri za dirisha jeusi. Kuanzia mwaka 2017 mfumo huo, Open OnDemand, ukatolewa kama programu huria, na vituo vingi duniani vikauchukua. CSC ya Ufini ni miongoni mwao. Wapo wakongwe wanaonung’unika kwamba hii ni kumlea mtumiaji kwa kijiko. Hatukubaliani nao. Kukariri amri si sehemu ya isimu wala ya fizikia. Ni ada ya kiingilio tu, na ada hiyo huwalipisha zaidi wale wasio na mtu wa kuwaelekeza.

Kuna pia suala la kuhama. Programu iliyoandikwa katika kipakatalishi hutegemea maktaba chungu nzima za programu nyingine, na mara nyingi ikifika katika mtambo mkubwa hukuta matoleo tofauti na kugoma. Aliyewahi kuona makasha yakipakuliwa Kilindini atalielewa suluhisho mara moja. Mzigo hufungwa ndani ya kontena, na meli haina haja ya kujua ndani mna majani chai au vipuri. Kontena za programu zilizofaa tarakilishi kuu zilianza kutengenezwa mwaka 2015 katika maabara ya Lawrence Berkeley kwa jina Singularity. Tangu mwaka 2021 mradi huo wa programu huria unaitwa Apptainer.

Afrika nayo haikukaa kitako. Kituo cha taifa cha Afrika Kusini kilichoko Cape Town kilianzishwa mwaka 2007, na mwaka 2016 kikazindua Lengau, jina ambalo kwa Kitswana ni duma. Texas ilipoistaafisha tarakilishi kuu yake, Ranger, mwaka 2013, sehemu zake zilisafirishwa hadi kituo hicho ili zigawiwe taasisi za kusini mwa Afrika. Waliosimamia mgao huo walitambua kwamba kabati la vifundo lisilo na msimamizi aliyefunzwa ni samani ya gharama kubwa, ndipo wakaambatanisha mitambo na mafunzo. Hapa Nairobi, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, imekuwa na klasta yake inayotumika hasa katika uchanganuzi wa jenomu. Wanabiolojia wametutangulia, na si kwa sababu jeni ni tata kuliko vitenzi vyetu.

Kwa upande wa lugha, njia iliyofuatwa na wengi ni ya pembeni. Jumuiya ya Masakhane, iliyoundwa mwaka 2019 na watafiti wa lugha za Kiafrika, haikungoja tarakilishi kuu. Iliandaa daftari la programu ambalo mtu yeyote angelifungua katika huduma ya Google Colab, apate kichakataji cha michoro bila malipo kwa saa chache, na kufunza mfumo wa kutafsiri lugha yake. Mwaka uliofuata walichapisha matokeo ya lugha zaidi ya 30, kwa makala yenye waandishi takriban hamsini, wengi wao wakiwa wanaingia katika fani hiyo kwa mara ya kwanza. Hayo ni mafanikio ya mlango ulio wazi. Lakini tusijifiche. Mlango huo ni wa kampuni binafsi, ambayo huweza kupunguza saa zinazotolewa bila kumuuliza yeyote, na muda wa bure hautoshi kwa mifumo mikubwa. Mgeni anayekula vizuri bado ni mgeni.

Lugha ya mlangoni

Tumefika mahali ambapo wanafunzi wa Kiswahili wana jambo la kufanya, na si la kuomba. Amri za mgawaji ni vifupisho vya Kiingereza, na hizo hazina haja ya kubadilishwa, kama vile alama za muziki zisivyotafsiriwa. Tunachozungumzia ni maelezo: mwongozo wa kuanzia, maswali ya mtihani wa udereva, ufafanuzi wa makosa. Kielelezo tunacho. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na kazi kubwa ya mradi huo ilikuwa ya istilahi.

Istilahi za tarakilishi kuu zina wepesi wake kwa kuwa karibu zote ni sitiari. Waingereza walichukua maneno ya mtaani wakayapa maana mpya, nasi tuna mtaa wetu. ‘Foleni’ inafaa kabisa, ingawa yenyewe tuliikopa kwa askari wa Kiingereza waliokuwa wakiamriwa kujipanga. ‘Kifundo’ tunakipendekeza badala ya ‘nodi’ kwa sababu msomaji huona muwa: vifundo vingi, mmea mmoja. ‘Kiini’ hakina utata mkubwa. ‘Kazi’ ina utata, kwani mwongozo utasema ‘kazi yako imekatizwa’ na msomaji ashtuke. Wapo wanaopendelea ‘shughuli’, lakini shughuli kwetu pwani ni harusi au hitima, na hatuoni kama tumenufaika. Neno ‘kumbukumbu’ ndilo baya kuliko yote. Kosa linalowapata wageni wengi ni kazi kuuawa kwa sababu imevuka kumbukumbu iliyoomba. Katika Kiswahili ‘kumbukumbu’ ni ukumbusho, ni nyaraka za mkutano, na katika vitabu kadhaa vya tarakilishi ni hata diski ya kuhifadhia. Mwanafunzi atafuta faili zake akidhani ameongeza nafasi, kumbe tatizo liko kwingine. Afadhali tuseme ‘kumbukumbu ya muda’ na ‘hifadhi’, na tusiyachanganye. Kwa kiasi cha muda ambacho kila mtumiaji hupewa, tuna neno ambalo wenye mitambo wangetuonea wivu: ‘mgao’. Aliyeishi na mgao wa maji hahitaji kuelezwa kwamba akifungulia bomba usiku kucha, jirani atakosa.

Idara ya Kiswahili na idara ya sayansi ya tarakilishi katika chuo kimoja zinaweza kuandika mwongozo wa kurasa ishirini katika muhula mmoja, pamoja na maswali ya mtihani. Swali la kwanza lingeweza kuwa hili: Asilimia 10 ya programu yako haigawiki. Rafiki anakushauri uombe viini 1,000 badala ya 10. Kasi itakuwa mara ngapi ya ile ya kiini kimoja katika kila hali, na je, ushauri wake ni mwema? Ukiwa na viini 10 utapata kasi mara 5.3, ukiwa na 1,000, mara 9.9. Umetumia viini mara mia moja na hukupata hata maradufu. Aliyejibu hivyo apewe akaunti.